Saa Moja, Vipande vya Wengi

Novemba 2021, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza mjini Geneva saa ya mkono aina ya Omega Speedmaster, toleo la mwaka 1957, kwa faranga za Uswisi 3,115,500. Uso wake, uliokuwa mweusi ulipotoka kiwandani, ulikuwa umegeuka kahawia, na kahawia hiyo ndiyo iliyowapagawisha wanunuzi. Baadaye ikajulikana kwamba aliyetoa fedha zile ni Omega yenyewe. Miaka miwili haijatimia, Juni 2023, kampuni hiyo ikatangaza kwamba saa iliyonunuliwa iliungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, vingi vyake halisi, na kwamba watu watatu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika.

Kama mwenye kiwanda anaweza kuuziwa saa ya kuunga, basi mtu aliyesimama Nyamwage akisubiri gari la Utete, akaonyeshwa Seiko kuukuu iliyofungwa kwenye leso, ana kila sababu ya kuvaa miwani kwanza.

Nyamwage ni kijiji cha Wilaya ya Rufiji, kusini ya Daraja la Mkapa, pale ambapo barabara ya Utete inachepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, gari lililotoka Dar es Salaam lilingoja pantoni pale Ndundu, na mvua ikikolea safari ililala. Katika maeneo ya namna hii saa ya zamani haitoki kwenye kabati la kioo ikiwa na boksi, risiti na kadi ya dhamana. Inatoka mkononi mwa mwalimu mstaafu, kwenye sanduku la baharia, au kwa mjane anayeuza vitu vya marehemu ili alipie ada ya mjukuu. Karatasi hakuna. Kilichopo ni saa yenyewe, na maelezo ya mwenye saa.

Kwa hiyo mnunuzi hana budi kuisoma. Na katika kusoma huko kuna jambo moja ambalo vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hulipita haraka: katika nchi yetu, saa yenye vipande vya saa nyingine si lazima iwe imetengenezwa kwa hila. Nyingi zilichanganywa na fundi mwaminifu aliyekosa kipuri. Kazi ya mnunuzi ni kutenganisha saa iliyotibiwa ili iendelee kufanya kazi na saa iliyopambwa ili imtoe mtu pesa, kisha alipe kila moja kwa stahili yake.

Vipuri vya enzi ya foleni

Mwisho wa miaka ya 1970 Tanzania ilikaukiwa fedha za kigeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta ikapanda duniani. Sukari, sabuni na nguo vikawa vitu vya kupanga foleni. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na ni bajeti ya mwaka 1984 iliyolegeza kamba, watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe.

Katika miaka hiyo fundi saa aliyekaa kwenye kijimeza chake hakuwa na mahali pa kuagizia akrabu mpya kutoka Uswisi wala kioo kutoka Japani. Saa iliyokufa haikutupwa, ilichinjwa kama gari bovu: kioo kikaenda huku, mshale wa dakika kule, springi ikaokoa saa ya mtu wa tatu. Mteja alifurahi kwa sababu saa ilianza tena kupiga. Hakuna aliyemuuliza fundi kama mshale ule ni wa mwaka gani.

Ukarabati wa dhiki una alama zake. Hufanywa pale panapoumia: ufunguo wa pembeni uliokatika umewekewa mwingine usiofanana nao sana, kioo kilichopasuka kimebadilishwa, mkanda si wa awali. Uso wa saa kwa kawaida umeachwa na uzee wake. Ukarabati wa hila huanzia usoni, kwa kuwa macho ya mnunuzi ndiko yanakotua kwanza. Ukikuta uso unaong'aa kama wa jana, ndani ya kasha lililochakaa la miaka 50, usihesabu pesa bado. Geuza saa uangalie mgongo.

Mgongoni kuna tarehe ya kuzaliwa

Kati ya saa za zamani, Seiko 5 ni mfano mzuri wa kujifunzia. Ilianza kuuzwa mwaka 1963, ikaenea Asia, nchi za Kiarabu na Afrika, na mtengenezaji wake alikuwa na tabia ya kuandika mengi kwenye mfuniko wa nyuma.

Tuseme mfuniko una namba 6119-8083, na chini yake kuna namba nyingine inayoanza na 1D. Tarakimu nne za kwanza, 6119, ni aina ya mashine iliyomo ndani. Nne zinazofuata, 8083, ni aina ya kasha. Ile namba ya pili ndiyo ya tarehe: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, herufi au tarakimu ya pili ni mwezi. Januari hadi Septemba huandikwa 1 hadi 9, Oktoba ni O, Novemba ni N, na Desemba ni D. Kwa hiyo 1D ni Desemba ya mwaka unaoishia na 1. Mwongo gani? Mashine ya 6119 ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, hivyo jibu ni Desemba 1971, mwezi ambao Tanganyika ilitimiza miaka 10 ya uhuru.

Hesabu hiyo ni ya dakika moja, na tayari inaweza kuumbua maelezo ya muuzaji. Akisema mzee wake alipewa saa hiyo mwaka 1965, kuna kitu hakijakaa sawa. Pengine mfuniko si wa saa hiyo. Pengine kumbukumbu imeteleza tu, kama zinavyoteleza kumbukumbu za familia nyingi.

Sasa geuza saa tena, utazame uso. Chini kabisa, kushoto na kulia ya saa kumi na mbili ya Kiswahili, pale penye tarakimu 6, kuna maandishi madogo mno yanayohitaji lenzi. Seiko iliandika hapo namba ya uso, nayo huanza na namba ya mashine. Mfuniko ukisema 6119 na uso ukisema 7009, umekutanishwa na saa mbili katika kasha moja. Zile tarakimu nne za mwisho zinaweza kutofautiana kidogo kati ya uso na mfuniko, na hilo si kosa. Kinachotakiwa kulingana ni mashine.

Halafu kuna vito. Seiko 5 huandika usoni idadi ya mawe madogo ya rubi yanayobeba ekseli za gia zake. Kwa kawaida mashine ya 6119 ina vito 21, na ile ya 7009, iliyokuja baadaye, ina vito 17. Uso unaodai vito 17 juu ya mashine ya vito 21 umetoka kwa jirani.

Hata neno la maji lina umri. Karibu na mwaka 1970 Seiko iliacha kuandika kwamba saa haipitishi maji kabisa, yaani “proof”, ikaanza kuandika kwamba inahimili maji, yaani “resist”. Saa ya mwaka 1973 yenye neno la kwanza mgongoni na la pili usoni inastahili maswali. Ya mwaka 1970 yenyewe inaweza kusamehewa, kwani kiwanda kilikuwa kinamaliza akiba ya zamani huku kikianza mpya.

Dirisha la siku nalo husema jambo. Seiko nyingi zina siku katika lugha mbili, na mvaaji huchagua moja. Zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ghuba zina Kiingereza na Kiarabu. Ukikuta Ijumaa imeandikwa kwa Kiarabu kwa rangi tofauti, una sababu ya kumuuliza mwenye saa habari za Muscat au Dubai, na jibu lake linaweza kukupa historia ambayo namba haziwezi kuitoa.

Uso uliochorwa upya

Kwa wakusanyaji wa saa, uso ndio nusu ya bei, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana ndipo panapochezewa sana.

India ina ufundi mkubwa wa kufufua saa, na Mumbai imejulikana duniani kwa saa kuukuu zilizochorwa nyuso upya: Seiko, Citizen, Favre-Leuba, West End na zile za HMT, kampuni ya serikali ya India iliyoanza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani. Nyuso hizo huja kwa rangi ambazo kiwanda hakikuwahi kuziota: chungwa kali, waridi, buluu ya bahari, wakati mwingine rangi mbili zimegawana uso mmoja. Si kila mwenye kuziuza anadanganya. Wengine husema wazi kwamba uso ni mpya, na bei huwa ya chini. Tatizo ni pale saa hiyo inapopita mikono mitatu na maelezo yakabaki kwa mkono wa kwanza.

Kumtambua mchoraji hakuhitaji shahada. Shika lenzi na utazame herufi. Kiwanda huchapa kwa muhuri wa mashine: kingo za herufi ni kali, nafasi kati yake ni sawa, mistari ya dakika inafika mahali pamoja pembeni pote. Uso uliochorwa upya una herufi nene zilizovimba, mstari wa dakika usiolenga alama yake, au wino uliomwagikia ukingo wa dirisha la tarehe. Zile alama za saa zilizopachikwa kwa chuma, kama zilifunikwa na rangi kwenye mizizi yake, basi mtu alipaka rangi bila kuziondoa. Na yale maandishi madogo ya chini kabisa, namba ya Seiko au maneno ya Uswisi, mara nyingi hayarudishwi. Mchoraji alipomaliza jina kubwa aliona kazi imekwisha.

Rangi ya kung'aa gizani ni shahidi mwingine. Saa za mwanzo wa karne ya 20 zilipakwa rangi yenye radiamu, madini ya mnururisho yaliyowaua baadhi ya wasichana wa viwandani Marekani waliokuwa wakilamba brashi ili ncha iwe nyembamba. Radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupunguza nusu ya nguvu yake, kwa hiyo hata kama uso hauangazi tena, mionzi bado ipo. Saa ya namna hiyo haikwanguliwi kwa kisu wala haipulizwi vumbi mezani pa chakula. Kuanzia miaka ya 1960 watengenezaji walihamia kwenye tritiamu, nao Waswisi wakawa wanaandika herufi T chini ya uso, pembeni ya jina la nchi yao. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Baada ya miaka 50 imebaki kama asilimia 6 tu.

Maana yake kwa mnunuzi ni nyepesi. Ingia na saa chumbani, funga dirisha, subiri kidogo. Saa yenye alama ya T ya mwaka 1972 ambayo bado inawaka usiku kucha imepakwa rangi mpya. Na kama alama za uso zinawaka lakini akrabu hazifanyi hivyo, au rangi ya akrabu ni nyeupe huku ya uso imekuwa ya majani makavu, hivyo viwili havikuzeeka pamoja.

Hadithi ya Mjerumani na jambia la Sultani

Delta ya Rufiji, yenye eneo kubwa la mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, ina hadithi yake ya vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya mto huo, upande wa Salale. Meli mbili za Kiingereza za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliishambulia Julai 1915, na tarehe 11 ya mwezi huo Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake ilitolewa, ikaburutwa nchi kavu na kupigana tena. Mmoja uko Fort Jesus mjini Mombasa hadi leo.

Hadithi kubwa kama hiyo huvuta vitu vidogo. Saa yoyote kuukuu katika ukanda huu inaweza kuvishwa jina la Mjerumani. Kabla ya kubishana na historia ya familia ya mtu, ambako kuna utovu wa adabu, ni afadhali kuiachia teknolojia kazi hiyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanaume wengi bado walibeba saa za mfukoni. Saa ya mkono ndiyo kwanza ilikuwa inashika kasi miongoni mwa wanajeshi. Zile za mkononi za wakati huo zilikuwa ndogo, zenye vishikio vya waya vilivyolehemiwa kwenye kasha, na zilitiwa ufunguo kila siku. Saa ya mkono inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono ilipata hataza ya Mwingereza John Harwood miaka ya 1920, na Rolex ikaleta ya kwake mwaka 1931. Kinga ya mshtuko inayoitwa Incabloc ni ya miaka ya 1930. Rolex Datejust, saa ya kujijaza yenye tarehe dirishani, ni ya mwaka 1945. Kwa hiyo saa “ya afisa wa Königsberg” yenye dirisha la tarehe na mzunguko wa kujijaza ilitengenezwa angalau miaka 30 baada ya meli kulala matopeni.

Upande wa pili wa bahari kuna hadithi ambayo ni ya kweli na ndiyo maana inaghushiwa. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970, nchi hiyo iliwaita nyumbani Waomani wa Afrika Mashariki, wengi wao wasemaji wa Kiswahili waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Miaka hiyohiyo Sultani aliagiza, kupitia duka la Asprey la London, saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni, akazitoa zawadi kwa watu waliomtumikia, wakiwemo askari wa Kiingereza. Leo saa hizo ni ghali kuliko ndugu zake zisizo na nembo. Kwa kuwa tofauti ya bei inatokana na mchoro mdogo tu, wapo wanaochapa jambia kwenye uso wa kawaida.

Ukipelekewa saa ya namna hiyo, uso pekee hautoshi. Rolex za zamani zina namba ya toleo kati ya pembe za mkanda upande wa juu na namba ya saa upande wa chini. Zote zinasomeka mkanda ukishatolewa. Namba hizo zielekeze kwenye miaka ambayo zawadi zilitolewa, na mwenye saa awe na chochote kinachomuunganisha na zawadi hiyo: picha akiwa ameivaa, barua, hati ya utumishi. Na asiyejua atahadhari na vipimo vya mtaani. Wengi husema Rolex ya kweli haina mshale unaoruka sekunde kwa sekunde kama saa ya betri, kumbe Rolex ilitengeneza za betri, Oysterquartz, kuanzia mwaka 1977 hadi 2001.

Chumvi, mafuriko na msasa

Saa iliyoishi Mbwera au Nyamisati imeishi na hewa ya chumvi. Iliyokuwa Muhoro au kando ya mto huenda imeonja maji ya Aprili 2024, mafuriko yalipoingia katika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Kukauka kwa nje hakumaanishi kukauka kwa ndani.

Anza na kasha. Kama nyuma pameandikwa kwamba mfuniko tu ndio chuma kisichoshika kutu, basi mwili ni shaba iliyopakwa kromu au dhahabu. Chumvi na jasho hupenya rangi hiyo na kuacha vishimo, kisha unga wa kijani. Vishimo havifutiki, ni kupakwa upya tu, na kupakwa upya kunafuta maandishi. Chuma kitupu hakibanduki, lakini kinaweza kuliwa chini ya raba ya mfuniko, mahali pasipoonekana hadi saa ifunguliwe. Dhahabu nayo ina namba zake: 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Neno “microns” linaonyesha unene wa dhahabu iliyopakwa juu ya chuma kingine, na mnunuzi asilipe bei ya sonara.

Kisha pembe za mkanda. Seiko na Omega za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kiwandani na kingo kali, na mistari myembamba ya brashi upande wa juu. Saa iliyopigwa msasa mara nyingi huwa laini na yenye mviringo, inang'aa sehemu zote sawasawa. Inapendeza mkononi, ila chuma kilichoondoka hakirudi, na bei hushuka pamoja nacho. Mikwaruzo ya kawaida ni heri yake. Kwa kioo hofu ni ndogo: cha plastiki ngumu husuguliwa kwa dawa ya meno hadi kikang'aa, na cha bilauri hubadilishwa bila kuharibu thamani sana, maadamu kile cha awali hakikuwa na umbo la pekee.

Ukungu ndani ya kioo ni onyo la wazi. Weka saa kiganjani dakika chache ipate joto, halafu gusisha kioo kwa kitu cha baridi. Matone yakijitokeza ndani, raba zimekufa na unyevu upo. Madoa ya kahawia kuzunguka ufunguo yanaonyesha njia yalipoingilia maji.

Isikilize kabla hujaifungua

Seiko 5 za mashine ya 6119, 7009 na ile ya 7S26 iliyokuja mwaka 1996 hazitiwi ufunguo. Anayezizungusha ufunguo akingoja zijae ataambulia patupu, na si ubovu. Hujazwa kwa kutikiswa taratibu, kulia na kushoto, kama nusu dakika. Nzima huamka mara moja. Inayoanza ukiitikisa na kusimama ukiiweka mezani ina mafuta yaliyoganda au springi iliyochoka.

Sikiliza kwa sikio. Mashine hizo hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde. Mlio uwe sawa, bila kuchechemea. Programu za simu zinazosikiliza mlio kwa maikrofoni hutoa picha nzuri zaidi, ikiwa pako kimya. Saa ya umri huo ikipoteza au kuzidisha nusu dakika kwa siku si ajabu. Ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, huenda imeshikwa na sumaku ya spika ya redio au kava la simu, na fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kwa sekunde chache. Muuzaji asiyejua hilo huiuza kwa bei ya saa mbovu.

Zungusha mishale mpaka tarehe ibadilike. Siku na tarehe ziruke bila kukwama katikati. Ila usitumie njia ya haraka ya kubadilisha tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku kwa mujibu wa mishale yenyewe: wakati huo meno ya gia ya tarehe yameshikana, na kulazimisha kunaweza kuyavunja mikononi mwako, saa ikiwa bado ya mwenyewe.

Mwisho ombeni saa ifunguliwe, na mwenye saa akiwepo. “Mzee, unaridhia fundi aifungue tuione?” Akikubali, tazameni vitu vitatu. Skrubu: vichwa vilivyochanika ni alama ya bisibisi isiyo saizi yake. Kutu: nyekundu kwenye skrubu au kwenye kipande kizito kinachozunguka ni ushahidi wa maji. Na upande wa ndani wa mfuniko: mafundi wengi hukwangua humo alama ndogo, tarehe au herufi za jina, kila walipoihudumia saa. Mikwaruzo hiyo si uchafu. Kwa saa isiyo na karatasi, ndiyo kadi yake ya kliniki.

Bei na maandishi

Bei ya haki huanza na gharama ya matengenezo. Ulizia kwanza kwa fundi unayemwamini kule Kibiti, Ikwiriri au Kariakoo anavyotoza kusafisha mashine, kutia mafuta na kubadilisha raba, kisha toa kiasi hicho kwenye bei unayokusudia. Saa yenye uso wake, mashine yake na mfuniko wake, hata ikiwa na mkanda na kioo vya kuazima, inastahili kulipiwa kama saa ya awali iliyotunzwa. Yenye mashine ya familia moja na vipande viwili vitatu vya kuchanganya ni saa ya kuvaa, inunuliwe kwa bei ya kuvaa. Yenye uso uliochorwa upya na namba zisizolingana haina cha kumdai mkusanyaji, japo inaweza kumhudumia mtu miaka mingi.

Muuzaji aambiwe kilichoonekana. Mzee anayeuza saa ya kaka yake aliyefariki anaweza asijue kwamba saa hiyo, kwa kuwa uso haujaguswa, ina thamani kuliko anavyoitaja, na anayemnyamazia ili ainunue kwa bei ya kutupa hana tofauti kubwa na anayechapa jambia la bandia.

Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, kwa hiyo mauziano yaandikwe, na mwenyekiti au mtendaji wa kijiji awe shahidi. Karatasi itaje namba zote mbili za mfuniko, namba ya uso, hali ya mashine siku hiyo, na kila kipande ambacho fundi amethibitisha kwamba si cha awali. Nakala moja ibaki kwa muuzaji, nyingine ikunjwe pamoja na saa, ili atakayeinunua baadaye, awe wa Kariakoo au wa Muscat, aisome kabla fundi wake hajashika bisibisi.